Kopo Lililoandikwa "Nyepesi"

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mimi ndiye humpikia baba kahawa. Baba ni fundi viatu. Chumba chake cha kazi ndicho kilekile alichofanyia kazi babu, mpaka moyo wake uliposimama mwaka jana. Baba akikohoa mle ndani, mwili hunisisimka, maana anakohoa kama babu hasa.

Kahawa ya babu pia nilikuwa naipika mimi. Alitaka krimu ya unga, ile ya kopo, vijiko viwili vya kujaa. "Mjukuu wangu, mkono wako una baraka!" alinisifu. Siku ya mazishi nikamsikia jirani akinong'ona kwamba kilichomwondoa mzee ni mafuta. Tangu hapo sikuwa na raha. Kila nilipochota krimu ya kahawa ya baba nilihisi babu yuko nyuma yangu, ananinyooshea kikombe. Sikumwambia mtu.

Sasa baba naye akaanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu tu za mlangoni. Daktari akampa dawa, akamwonya apunguze mafuta na sukari.

"Kahawa yangu lakini msiiguse!" baba akasema akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikwenda dukani nikachagua krimu nyingine, kopo limeandikwa "NYEPESI" kwa herufi kubwa, na picha ya mtu anakimbia. Nikaona nimepata dawa. Tena kwa kuwa ni nyepesi, nikawa namwekea vijiko vitatu.

Baada ya wiki mbili alikuja shangazi, muuguzi, kumpima baba shinikizo la damu mle chumbani mwa kazi. Akakitazama kipimo: kimepanda.

"Kaka, unakula nini wewe?"

"Muulize mpishi wangu."

"Nimebadilisha krimu, shangazi," nikajitetea. "Hii ni nyepesi."

Shangazi akaligeuza kopo. "Haya, nisomee huku nyuma. Kinachotajwa kwanza ndicho kilichomo kwa wingi."

Nikasoma: sharubati ya mahindi, mafuta yaliyogandishwa... Sukari na mafuta, yaleyale aliyokatazwa baba.

"Nimemuua babu, na sasa namuua baba!" Nikalia kwa kwikwi.

Baba akaweka nyundo chini. "Nani kakwambia maneno hayo? Babu yako alivuta sigara miaka arobaini. Dawa zake nazo hakuzimeza. Nilizikuta baada ya mazishi, kazificha ndani ya viatu vibovu. Nikanyamaza kwa aibu. Masikini mwanangu, kumbe ulikuwa umebeba mzigo huo peke yako!"

Shangazi akanituma maziwa yaliyopunguzwa mafuta, yasiyotiwa sukari. Baba akaonja kahawa, akakunja uso.

"Hii kahawa au adhabu?"

"Kunywa, kaka. Ulimi utazoea."

Akanywa. Miezi miwili baadaye kipimo kilikuwa kimeshuka, na dawa anazimeza mbele yetu.

Siku hiyo shangazi alinikalisha karibu yake. "Mbele ya kopo ni matangazo, mwanangu. Ukitaka kujua unachokula, soma nyuma. Na jambo likikutisha, sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Baba akanishika mkono.

"Kesho twende makaburini, mimi na wewe," akasema. "Tukamwombee babu. Si kumwomba msamaha."