Kifundo Kisichozunguka

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu katika studio ya shangazi yake: kufagia, kukung'uta vumbi kwenye pazia la bluu ambalo wateja husimama mbele yake, na kupangusa kioo cha kabati la kamera. Alizifanya zote huku akiongea. Jina hilo la ndege hakupewa bure. Aliongea na ufagio, akaongea na pazia, na mteja akiingia alikuta habari za mtaa mzima zinamsubiri mlangoni. Wenzake wa darasa la sita walisema mwalimu akitaka kimya, dawa ni kumtuma Chiriku chaki.

Lakini mbele ya kamera alijua kusikiliza. Shangazi alikuwa mpiga picha kwa miaka ishirini na ushei, na kamera aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile kongwe ya filamu, nzito kama tofali, isiyo na kioo cha kukuonyesha picha uliyopiga. Kwa miezi mitatu alikuwa akimfundisha mtoto huyu wa kaka yake jinsi ya kuweka filamu. Unafungua mgongo wa kamera, unapachika mkebe wa filamu kushoto, unavuta ulimi wa filamu na kuuchomeka kwenye kijiti cha kulia, kisha unafunga. Baada ya hapo unasogeza filamu huku ukitazama kifundo kidogo kilicho juu, upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu imeshika. Kisipozunguka, filamu imelala tu ndani, na wewe unapiga picha za hewa.

Jumamosi hiyo walikuwa na kazi nje. Mama mzazi wa fundi seremala, jirani yao wa nyumba ya tatu, alikuwa amevuka miaka tisini na alikuwa kitandani kwa mwezi wa nne sasa. Watoto wake wote saba walikuwa wamekusanyika, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka kumi na mmoja. Binti yake wa mwisho angeondoka kwa basi la saa sita mchana. Bibi alitaka picha moja akiwa nao wote, tena ya karatasi. Simu ya mjukuu wake mmoja iliwahi kutumbukia chooni ikaenda na picha zote za arusi, na tangu siku hiyo Bibi aliapa kwamba hakuna mtu atakayemwinulia simu usoni.

"Weka filamu, mimi natafuta stendi ya kamera," Shangazi alisema kutoka stoo.

Chiriku aliweka. Wakati huohuo rafiki yake alipita dirishani na habari moto kuhusu mbwa aliyeingia darasani, na habari kama hiyo haingojei. Mikono ikafanya kazi, macho yakawa dirishani. Akafunga mgongo wa kamera, tap.

"Umeangalia kifundo kinazunguka?" Shangazi aliuliza akitoka na stendi begani.

"Nimeangalia, Shangazi."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kabla hajalifikiria. Walipofika njiani alijiambia kwamba bila shaka kilizunguka. Kwa nini kisizunguke?

Saa nne Bibi alitolewa nje kwa mikono ya wanawe wanne, akaketishwa kwenye kiti chenye mito miwili. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Watoto wake walijipanga nyuma, wazee wenye mvi wakisukumana kama wanafunzi kwenye foleni.

"Wewe mrefu, rudi nyuma, unamfunika dada yako!" Bibi aliamuru, na wote wakacheka.

Shangazi alipiga ya kwanza, akasogeza filamu. Chiriku, aliyesimama karibu na stendi, alitupa jicho kwenye kifundo.

Hakikuzunguka.

Alidhani hakutazama vizuri. Picha ya pili ikapigwa, filamu ikasogezwa, na kifundo kikakaa vilevile kama kimegandishwa. Ya tatu. Ya nne. Ndani ya ile kamera hapakuwa na Bibi, wala gauni la kijani, wala mtoto yeyote kati ya wale saba. Hapakuwa na kitu.

Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Lakini alimtazama fundi seremala, mwanamume wa kifua kipana na sauti ya randa, akaogopa. Alimtazama Shangazi aliyemwamini, akaogopa zaidi. Angesema nini? Kwamba alidanganya? Mbele ya watu wote hawa? Kisha wazo likamjia, baya lakini tamu: anyamaze. Filamu ikisafishwa Jumatatu ikatoka tupu, nani atajua? Kamera ni kongwe. Vitu vikongwe huharibika. Shangazi atailaumu kamera, basi.

Ya tisa. Ya kumi. Kila mlio wa kamera ulimpiga kifuani.

"Chiriku, mbona leo kimya? Umemeza nini?" Shangazi alitania.

"Hamna kitu, Shangazi," alijibu, na huo ukawa uongo wa pili.

Bibi alianza kuinama upande mmoja. "Nimechoka, wanangu," alisema. "Nirudisheni ndani."

"Tumemaliza, Bibi. Zimetoka nzuri," Shangazi alisema, na akaanza kulegeza stendi.

Wana wanne waliinama kumshika mama yao. Binti wa mwisho alikuwa ameshatazama saa na kuinua begi lake. Chiriku aliona jinsi shingo ya Bibi ilivyokuwa nyembamba ndani ya ile kola ya kijani, na akajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba watu hawa hawatasimama pamoja hivi tena. Hofu ya kusema ilikuwa kubwa. Hofu ya kunyamaza ikawa kubwa kuliko hiyo.

"Subirini!" Sauti yake ilitoka nyembamba, haikufanana na yake. "Filamu haikushika. Kifundo hakizunguki. Hamna picha hata moja."

Shangazi alishika kile kifundo kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu. Hakikukaza mahali popote, ishara kwamba filamu ilikuwa imelala tu ndani.

"Uliniambia umeangalia," alisema.

"Nilisema uongo." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Sikuangalia. Nimeona tangu picha ya kwanza, nikaogopa."

"Tangu ya kwanza!" Fundi seremala alinguruma. "Mama yangu anakaa juani nusu saa, wewe unatutazama tu? Mtoto gani huyu!"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakukimbia.

"Kosa la kutokuhakikisha ni langu pia," Shangazi alisema, akimgeukia fundi. "Kamera ni yangu na kazi ni yangu. Lakini saa sita haijafika. Bibi, unaweza kutuvumilia tena, hukohuko kitandani?"

Bibi alikuwa amefumba macho. Kwa muda Chiriku hakuona hata pumzi yake, na hofu mpya, ya kutisha kuliko zote, ikamshika. Kisha midomo ile mikavu ikasogea.

"Kitandani nitaweza. Kukaa ndiyo siwezi. Ila huyu anayenguruma mnyamazisheni, ananiumiza kichwa."

Fundi seremala akafunga mdomo.

Walimlaza Bibi kwenye kitanda chake kando ya dirisha. Sebuleni Shangazi aliweka kamera mezani mbele ya Chiriku, akaufungua mgongo wake. Kumbe filamu yenyewe ilikuwa nzima, haijatumika hata kipande.

"Weka," alisema.

"Mimi? Shangazi, weka wewe, naomba. Mikono inatetemeka."

"Naiona. Weka hivyohivyo."

Mara ya kwanza ulimi ulichomoka. Mara ya pili ukaingia. Alifunga mgongo, akasogeza filamu, na macho yake hayakubanduka kwenye kifundo. Kilizunguka. Akasogeza tena. Kikazunguka tena. Akamwita Shangazi atazame, kisha akamwita fundi seremala naye atazame, ingawa fundi hakuelewa anatazamishwa nini.

Chumba kilikuwa kidogo na mwanga ulikuwa hafifu. Flashi ingemuumiza Bibi macho, kwa hiyo Shangazi alitegemea dirisha tu. Kamera ilihitaji muda mrefu wa kuvuta mwanga, na mtu akitikisika, picha ingechafuka. Watoto saba walijibana kuzunguka kitanda, wengine wamepiga magoti, binti wa mwisho amelaza shavu lake kwenye mto wa mama. Walibana pumzi kila picha. Zilipigwa sita. Saa sita kasorobo binti aliondoka mbio kuwahi basi.

Alasiri hiyohiyo, katika chumba cha giza nyuma ya studio, Shangazi alisafisha filamu. Chiriku alisimama pembeni. Filamu ilipotoka kwenye dawa na kuoshwa, Shangazi aliiinua kwenye taa. Vipande viwili vilikuwa na ukungu wa mtu aliyetikisika. Vinne vilikuwa safi, na katika kimoja Bibi alikuwa akicheka.

Chiriku aliketi chini sakafuni akalia upya.

Shangazi alining'iniza filamu ikauke, kisha naye akaketi palepale, mgongo ukutani.

"Ulipowaambia ukweli, hofu ilikwisha?" aliuliza.

Chiriku alikuwa amechoka kudanganya. "Hapana. Iliongezeka. Yule fundi nilidhani atanila mzima."

Shangazi alicheka, lakini kidogo tu. "Vizuri umesema hivyo. Watu watakuambia ukweli unaondoa hofu. Hauondoi papo hapo. Unaifanya iwe na mwisho. Hofu yako imekwisha hapa, saa kumi, siku ileile. Ungenyamaza, binti yule angekuwa ameondoka bila picha kupigwa, na kila unapopita mlango wa fundi ungekuwa unageuza uso, leo, mwakani, na siku Bibi atakapokuwa hayupo. Filamu kutoshika si aibu. Imewahi kunitokea hata mimi, arusini. Ungeniambia asubuhi, 'Shangazi, sijaangalia,' tungeangalia pamoja kwa dakika moja."

"Hutanifukuza?"

"Nikufukuze umeshajifunza? Nitampata wapi mwingine wa kuanza naye mwanzo?"

Jumatatu baada ya shule Chiriku alipeleka mwenyewe picha ya karatasi, ile ambayo Bibi alikuwa akicheka. Fundi seremala aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu pale mlangoni. Kisha akasogea pembeni kumpisha Chiriku aingie.

"Mpelekee wewe," alisema. "Yuko macho, na picha hii ni wewe uliyeiokoa."