Hesabu ya Kadi Isiyo na Waya

Ilianza Jumanne, tarehe 9 Desemba, saa nane na dakika ishirini mchana, na Luleå, mji wa kaskazini mwa Uswidi, ilikuwa giza tayari. Rafiki yangu Ylva alikuwa peke yake katika chumba cha seva, akirekebisha programu inayoendesha kadi mpya ya mtandao, ile ya kasi kubwa. Kama kawaida ya mafundi, kwanza alichomoa waya, akarudisha hesabu ya data inayoingia kwenye sifuri. Feni zilivuma. Bila waya hakuna data ya kuingia, lakini hesabu ikawa moja. Kisha mbili.

Aliutazama waya mkononi mwake, akabana pumzi kwa woga. Hesabu ikasimama. Alipopumua, ikapanda.

Asubuhi iliyofuata alibaki nje kwenye theluji, akampigia simu mwenzake Torkel, aliyekuwa ndani, amwangalizie hesabu ile.

"Inapanda polepole, kama pumzi za mtu aliyelala," Torkel akacheka. "Wewe na mashetani yako, dada!"

Ylva akabana pumzi.

"Haya, imesimama. Kadi mbovu hii, naing'oa."

"Usiiguse, Torkel! Nakuomba!" Ylva akakimbilia mlangoni akihema, simu sikioni.

"Subiri kwanza," Torkel akasema, kicheko kimemwisha. "Mbona sasa inakwenda mbio?"