Mlango wa Ukurasa wa Mbegu

Upendo alikuwa bingwa wa kumaliza kazi ambayo haijaisha. Jumamosi hiyo, kama Jumamosi zote, alifagia duka la kompyuta la mama yake mdogo, Emiliana, mtaani Yoba mjini Gitega, akapangusa vumbi mezani, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Mlangoni, rafiki yake Raissa alimngoja na kamba ya kuruka mkononi.

"We Upendo, mi nakusubiri mpaka lini? Hiyo kiti iko na gundi?"

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya chama cha wakulima wa Butihinda, kule Muyinga, alikoishi bibi yake, Kasilda. Wanachama hao walikulia Tanzania, wakarudi nyumbani pamoja, na walikuwa na desturi yao: maharage ya mbegu hukaa nyumbani kwa mwanachama mmoja kila msimu, na mtu wa nje haambiwi ni kwa nani. Msimu huu yalikuwa kwa Bibi Kasilda. Ukurasa wa Mbegu ulionyesha picha ya nyumba yake na njia ya kufika.

"Neno Mbegu kwenye menyu alione tu mwanachama aliyeingia kwa jina na neno lake la siri," Emiliana alikuwa amemwelekeza. "Halafu ufunge ukurasa wenyewe. Ukimaliza, toka kwenye tovuti, uandike anwani ya ukurasa kama mgeni, uone kama utafunguka."

Upendo aliondoa neno kwenye menyu. Likatoweka. Akaona yatosha.

"Umejaribu kama mgeni?" Emiliana aliuliza, macho yakiwa kwenye mashine ya kutoa nakala.

"Nimejaribu, Mama Mdogo." Akatoka mbio.

Waliruka kamba mpaka jua likaanza kushuka, ndipo aliposikia akiitwa kwa sauti asiyoizoea. Simu ya Emiliana ilikuwa mezani, na ndani yake Bibi Kasilda alikuwa akinong'ona.

"Kuna mtu uani. Ana pikipiki na magunia matupu. Anasema mwenyekiti amemtuma achukue mbegu. Majirani wote wako shambani."

"Ni mwanachama, Mama?"

"Simjui. Lakini ana picha ya mlango wangu kwenye simu yake."

Emiliana akamgeukia Upendo. "Ulijaribu?"

Upendo alitoka kwenye tovuti, akaandika anwani ya ukurasa. Ukafunguka wote. Bibi Kasilda alikuwa pale, akitabasamu kando ya mlango wake.

"Sikujaribu," alisema. "Nilikudanganya."

"Funga kwanza. Hasira zangu zitasubiri." Kisha Emiliana akainamia simu. "Mama, usifungue mlango. Mcheleweshe. Nikikuambia, mwombe aufungue tena ukurasa huo mbele yako. Usikate simu."

Upendo alitafuta mahali pa kuchagua nani aone ukurasa. Kwenye simu, sauti zilisikika kutoka Butihinda.

"Kaa kidogo, mwanangu. Nikuletee maji?"

"Mama, mi sina muda. Fungua hiyo chumba ya nyuma."

"Mtu hachukui mbegu akiwa na kiu."

"Nimesema fungua."

Kitu kiligonga mbao za mlango. Upendo alichagua "Wanachama walioingia tu" akabonyeza kuhifadhi. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka, ikasimama.

"Umefungika."

"Sasa, Mama," Emiliana alisema.

"Ngoja basi," Bibi Kasilda akamwambia yule mtu. "Nionyeshe tena ile picha hapa dirishani, ufungue upya. Macho yangu mabovu."

Raissa alikuwa ameingia dukani na kushika mkono wa Upendo.

"Inaandika nini?" Bibi aliuliza.

"Inataka jina... na neno la siri. Rezo iko mbaya."

"Mtandao hauna shida. Kila mwanachama ana neno lake. Andika la kwako, nakusubiri."

Pikipiki iliwaka, mlio wake ukafifia.

"Ameondoka na magunia yake matupu," Bibi alisema.

Emiliana akamketisha Upendo.

"Kuondoa neno kwenye menyu ni kung'oa kibao cha njiani. Anayeijua njia atafika tu. Hilo umejifunza. Lakini uliponiambia umejaribu, niliacha kwenda kuangalia, kwa sababu nilikuamini. Uongo wako ndio uliomwachia yule mtu mlango."

Upendo alimwomba Bibi radhi huku machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe. Likizoni utanichambulia maharage yote haya," Bibi akajibu.

Hawajamaliza kupumua, mwenyekiti wa chama, Mzee Nazario, akapiga simu, amechemka. Anwani ile alikuwa ameituma mwenyewe mchana huo kwenye kundi la simu lenye watu wa kila namna, wapate kuona maendeleo ya chama. Sasa ukurasa uliwadai wote neno la siri, na lake mwenyewe alikuwa amelisahau.

"Nimeaibika mbele ya wageni. Mtoto amenifungia chama changu mwenyewe. Aniombe radhi."

Emiliana alimsimulia yote, kisha akampa Upendo simu.

"Babu Nazario, shikamoo. Nilidanganya, na kwa hilo nakuomba radhi. Mama Mdogo atakuwekea neno jipya la siri." Akavuta pumzi. "Lakini kwa kuufunga ukurasa, siombi radhi. Hapana, Babu. Hata kesho ukipiga tena, siombi."