Nilificha Mkongojo wa Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na saba. Nina diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu walisema sitaweza.

Walisema mtoto wa mwanamke anayeanika dagaa wa omena kule Usenge hawezi kumaliza chuo. Nilimaliza! Walisema nikienda Qatar nitarudi na begi moja na kikohozi. Nilikaa miaka tisa nikitengeneza viyoyozi juu ya mapaa yanayochoma viatu, nikarudi na mtaji. Walisema karakana yangu ya pale Mamboleo haitafika Krismasi. Ilidumu miaka kumi na moja. Kama umewahi kula samaki aliyetunzwa kwenye barafu hapa Kisumu, huenda mashine iliyogandisha barafu hiyo niliitengeneza mimi.

Basi nilizoea kuambiwa siwezi, kisha nikaonyesha kwamba naweza. Ndugu zangu, tabia hiyo ndiyo iliyonimaliza...

Mke wangu, Mama Wendy, alianza kwa kuona ukungu kwenye jicho la kushoto. Tukanunua miwani. Ikaja ganzi ya miguu. Kisha siku moja akaanguka kanisani akienda kutoa sadaka, na watu wakanong'ona kwamba kuna aliyetuonea wivu kwa ajili ya nyumba tuliyojenga Ahero.

Daktari wa neva alitupa jina la ugonjwa: MS. Kinga ya mwili wake ilikuwa inakula ganda la neva zake mwenyewe. Alisema hauponi, ila kuna sindano za kuupunguza kasi, na kwamba mguu au jicho likishapotea huenda lisirudi tena. Kwa hiyo asikose dozi.

Bei sitaitaja. Nitasema tu kwamba sindano za mwezi mmoja zilimeza mapato yote ya karakana, na bima niliyokuwa nayo haikuzilipia.

Sindano hizo hutunzwa kwenye baridi. Nilimtengenezea friji yake ndogo kwa mikono yangu, nikaiweka kando ya kitanda. Nilijisifu sana! Ni mume gani mwingine angeweza?

Mwaka wa kwanza niliuza pikapu. Watu nikawaambia nangojea gari jipya. Nikauza shamba la mpunga, nikasema kilimo kinanipotezea muda. Nikauza televisheni, nikauza makochi. Hata hivyo, Mama Wendy alianza kuruka dozi. Sindano za mwezi mmoja akazivuta hadi miezi miwili.

Hapo ndipo daktari akatuelekeza kwa shirika moja la hisani lililokuwa likiwalipia wagonjwa wachache dawa hizo. Tulijaza fomu. Tukaambiwa ofisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole aliyeitwa Madam Consolata, atakuja Alhamisi kuona hali yetu nyumbani.

Kuona hali yetu... Mimi nilisikia neno moja tu: mgeni!

Kwetu mgeni hakuti nyumba tupu. Niliazima makochi kwa jirani, yakabebwa na vijana wanne. Niliazima televisheni kwa mwenyekiti wa kanisa. Gari la mteja lililokuja kutengenezwa kiyoyozi nikaliegesha uani. Nilipaka lango rangi. Nilichinja majogoo wawili. Nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka Qatar, na diploma yangu nikaitundika mahali ambapo mtu akiketi ataiona tu.

Mama Wendy alinitazama nikipanga vitambaa vya makochi.

"Baba Wendy, mgonjwa ni mimi ama ni hii sofa?"

Nilimweleza kwamba haelewi mambo ya ofisi. Benki humkopesha nani? Si yule aliyevaa tai? Nilimwambia shirika haliwezi kuweka pesa zake kwa watu waliochoka. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote, wasomaji. Sikuwa nadanganya mtu. Nilikuwa naomba kazi, kama nilivyoomba kazi zote maishani mwangu!

Kisha nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijajisamehe. Nilimketisha kwenye kochi, nikamvisha mkufu wa dhahabu ya bandia, nikachukua mkongojo aliokuwa akitembelea nikauficha nyuma ya kabati.

Madam Consolata alikuja. Nilimzuia kuzungumza kazi kabla hajala. Alikula, akanawa mikono, akafungua faili. Akamgeukia mke wangu na kumuuliza kama amewahi kukosa dawa.

Mama Wendy alinitazama. Ungeona macho yale! Alikuwa ananiomba ruhusa ya kusema ukweli.

Nikajibu mimi. "Madam, katika nyumba hii hakuna kinachokosekana."

Akaomba amwone akitembea hatua chache. Nikasema amechoka kwa sababu ya wageni wengi. Nilimsindikiza mgeni mpaka langoni, na nikampa mfuko wa mchele wa Ahero. Akaukataa kwa adabu. Alisimama kando ya gari lile la mteja, akaniuliza polepole, kama mtu anayenipa nafasi ya mwisho:

"Baba Wendy, sasa mimi niandike nini?"

"Andika ulichoona."

Aliandika alichoona. Baada ya wiki tatu barua ikaja: familia ina uwezo, nafasi imepewa mgonjwa mwenye uhitaji zaidi.

Je, nilijifunza? Hapana! Nilianza kukopa. Nilikopa kwa chama chetu cha akiba, kwa shemeji yangu, kwa mchuuzi wa vyuma Mamboleo, kwa mwenyekiti wa kanisa. Na hata hapo sikusema ni dawa. Nilisema napanua biashara. Wangenihurumia vipi ilhali waliamini wananisaidia kutajirika? Hakuna aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Walikuja kuulizia faida.

Mvua ikaja, mto ukafurika nyanda zote za Kano, umeme ukakatika siku tano. Maji yalifika katikati ya miguu ya kitanda. Sindano za miezi miwili, nilizonunua kwa pesa za watu, ziliharibika ndani ya friji ya fundi bora wa baridi Kisumu...

Mwezi uliofuata Mama Wendy aliamka miguu haimsikii. Jicho la kulia nalo likaingia ukungu.

Nikaenda kwa Madam Consolata bila suti. Nilimwambia kila kitu, hadi mkongojo. Akasema orodha ilijaa na shirika halichukui wagonjwa wapya tena. Akasema siku ile alimwona mama akishika kochi kwa mikono miwili, na kwamba alingoja mmoja wetu aseme neno moja tu.

Neno moja!

Wewe unayesoma haya na una mgonjwa nyumbani, nakusihi. Mtu akija kuona shida yako, mwonyeshe shida yako. Acha nyumba ilivyo. Mwache mgonjwa ajibu mwenyewe. Heshima niliyoilinda mimi, sijui hata iko wapi sasa.

Karakana niliiuza, na vifaa vyote. Kwa sasa natengeneza friji za watu nikitembea na mfuko mgongoni. Walisema madeni yale nitayakimbia, nirudi Qatar. Sikukimbia. Nililipa chama, nikamlipa shemeji, nikamlipa mwenyekiti. Alibaki mchuuzi wa vyuma. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza ila friji ile ndogo, ambayo ilikuwa inanguruma bure, haina kitu ndani. Aliichukua Jumamosi asubuhi, tukamalizana.

Niliingia chumbani kumpasha habari mke wangu. Sikuweza kujizuia, nilisema kwa majivuno yangu ya zamani: nimewalipa wote, hakuna mtu duniani anayenidai.

Alinyoosha mkono kando ya kitanda, akapapasa mahali friji ilipokuwa. Akakuta sakafu.

"Umewalipa wote," alisema. "Nimebaki mimi."