Ndege Haipigiwi Simu Ingoje

Ndugu zangu wa Bariadi, nawaletea habari ya nyumba moja ya Somanda. Sitaipamba.

Asubuhi ile Sayi alikuwa uani, anapepeta choroko. Jua lilikuwa changa, na mawazo yake yalikuwa mbali kama ya mtu aliye usingizini. Keshokutwa angekuwa Kanada, kando ya kitanda cha mwanawe Bundala, aliyetakiwa kupasuliwa moyo siku ya Alhamisi. Bundala aliomba jambo moja tu: mama aje ampulizie maji kifuani kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kama mama zetu walivyotubariki tulipoendea jambo zito. Baraka hiyo haipiti kwenye simu.

Utulivu ukavunjwa na mabishano. Mashimba, mdogo wake Sayi, wakala wa mabasi pale stendi, alikuwa ameleta tiketi za ndege. Zilikuwa tatu, kila moja ya kampuni yake.

"Mjomba, kwa nini hukumkatia mama tiketi moja mpaka mwisho?" akauliza Eufrasia, binti wa Sayi. "Hapa mayu ana saa moja tu ya kubadilisha ndege. Ya kwanza ikichelewa, wa pili watamjuaje?"

"Nilikuwa nakatia watu tiketi wewe ukinyonya! Mtu wa Dutwa anayekwenda Musoma namkatia mpaka Lamadi, pale anapanda basi lingine. La kwanza likichelewa napiga simu: ningojee, nina mteja wako. Wanangoja."

"Na namba ya rubani unayo?"

"Shule imekupa mdomo tu."

"Basi tuwaulize mawakala wa ndege Mwanza, mjomba."

"Mimi, Mashimba, nikaulize? Watu waone sijui kazi yangu?"

Hapo ndipo pabaya, msomaji. Sayi alisikia yote, lakini hakutaka kumwaibisha mdogo wake. Akanyamaza.

Ndege ilichelewa kutoka Dar es Salaam kwa saa mbili. Sayi hakujali. Chini yake mawingu yalitanda kama pamba ya msimu mwema iliyoanikwa bila mwisho. Aliposhuka kule Ghuba, Uarabuni, alikuta kuta za vioo na sakafu zinazotembea zenyewe, zikibeba watu waliosimama kimya.

Mfagizi mmoja, mama mtu mzima kutoka Kenya, akamsomea karatasi zake. "Ndege yako imeondoka, dada."

"Haikuningoja?"

"Hapa hakuna inayomngoja mtu. Na tiketi zako hazijuani. Ukikosa hii, na ile ya mbele umeikosa."

Kwa simu ya mfagizi Sayi aliwaarifu wa nyumbani, nao wakauza ng'ombe ili wapate tiketi nyingine. Sayi alilala kwenye viti. Katika usingizi alimwona Bundala, mdogo bado, amesimama katikati ya mtama, shati wazi, anamngoja. Sayi alikuwa na maji mdomoni. Alitembea, lakini sakafu ilimrudisha nyuma, taratibu, taratibu, na mtama ukafunga njia.

Alhamisi simu ya mfagizi ikaita.

"Mama, umefika wapi?"

"Nipo njiani, mwanangu."

"Wananiita sasa."

"Nenda, baba. Nenda." Mdomo wake ulikuwa mkavu.

Alifika Jumamosi. Bundala hakuamka tena baada ya kupasuliwa; alikuwa ameshafariki. Sayi akaomba maji kwa ishara, akatia funda moja kinywani, akampulizia mwanawe kifuani. Kifua kilikuwa baridi kuliko maji.

Mashimba bado yuko stendi. Ukimuuliza habari za ndege, anajibu, "Sijui. Kamuulize anayejua." Neno jepesi hivyo lilimgharimu mpwa wake kulisema.

FUNZO

Sisemi maji yangemponya Bundala. Madaktari walisema moyo ulikuwa umechoka. Nasema angeingia akiwa na mama yake.

Ukimsafirisha mtu kwa ndege nyingi, kata tiketi moja mpaka mwisho, acha saa za kutosha katikati, na ufike siku kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mimi shule niliacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Na wewe unayeliona kosa ukanyamaza kwa kumwonea ndugu yako haya, jua kwamba haya hiyo ina mtu itakayemwangukia. Mwaibishe leo. Kesho mtacheka.