Sare za Waliohama

Kila asubuhi, baada ya kufagia na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, wanafunzi wa darasa la nne na la tano waliingia katika chumba kimoja na kupeana migongo. Si kwamba walikuwa wamegombana. La nne walielekea ubao wa karibu na mlango, la tano wakaelekea ubao wa upande wa pili, na kila darasa lilidai kuwa ubao wake ndio wa mbele. Mwalimu alikuwa mmoja. Akigonga meza mara moja kwa mwiko wa kupikia, la nne walisikiliza huku la tano wakifanya mazoezi. Akigonga mara mbili, zamu ilibadilika. Ambaye si zamu yake hakuruhusiwa kugeuka, hata mwalimu akisimulia kichekesho nyuma ya kisogo chake.

Mwiko ule mwalimu aliutoa jikoni kwake siku kengele ya shule ilipopasuka. Tangu hapo wanafunzi walimwita Mwalimu Mwiko, tena kwa kunong'ona, wakidhani hajui.

Katika darasa la tano alikuwapo msichana aliyeitwa Chiriku. Bibi yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na hakuwahi kupumzika tena. Lakini huyo hodari wa maneno alifika darasa la tatu hajui kusoma. Mwalimu Mwiko alimketisha kando yake muhula mzima, kila jioni wenzake walipokwenda nyumbani, bila kumcheka wala kumkaripia. Siku Chiriku alipomaliza ukurasa mzima peke yake, mwalimu alifuta macho akasingizia chaki. Chiriku alimpenda tangu siku ile, na hakuwa na haya kulisema.

Shule yao ilikuwa imepungua. Kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa, wafanyakazi wake walifungasha virago, familia moja leo na nyingine kesho, na watoto wakaondoka nao. Madawati yaliyobaki wazi yalirundikwa stoo. Nyumbani kwa Chiriku pia ungeweza kuona pengo hilo, maana mama yake alikuwa fundi cherehani, na chini ya meza yake kulikuwa na sanduku la sare alizoshona zikakosa wa kuzichukua. Wenyewe walikuwa wamekwishahama.

Siku moja Chiriku alitumwa ofisini kuchukua chaki. Alipofika mlangoni alimsikia Mwalimu Mkuu akizungumza, akasimama. Sikio halilali njaa. Mwalimu Mkuu alikuwa akieleza kwamba afisa elimu angekuja Alhamisi kuhesabu wanafunzi. Walimu na fedha hugawiwa kwa kufuata vichwa vya watoto, na vichwa vyao havikutosha tena kwa walimu wote. Mmoja angehamishiwa mjini, ambako watoto walijaa hadi wengine kukaa chini. Huyo mmoja alikuwa Mwalimu Mwiko.

Kisha Mwalimu Mwiko akauliza kwa sauti ndogo, "Na hawa wangu nitamwachia nani?"

Chiriku alirudi darasani bila chaki. Siku hiyo hakusema neno hadi jioni, na mama yake akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Ila akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Chiriku ziliota haraka. Kama waliokosekana ni watoto, si watafutwe? Mama alipokwenda kumpelekea mteja mapazia, Chiriku alifungua lile sanduku. Kisha akazunguka na mdomo wake. Binamu zake wawili, waliosoma shule ya ng'ambo ya mto, walifurahi kuikwepa shule yao kwa siku moja. Mtoto wa jirani, ambaye hata umri wa kuanza shule hakuwa ameufikia, alikubali kwa ahadi ya karanga. Mwisho alikwenda kwenye machimbo ya kokoto, ambako wageni waliohamia karibuni walivunja mawe kwa nyundo, akamwomba msichana mmoja wa rika lake na mdogo wake wa kiume.

Msichana yule hakuomba karanga. Aliuliza jambo moja tu: "Na kesho yake je?"

"Kesho yake tutaona," alijibu Chiriku, ambaye kwa kweli hakuwa ameifikiria kesho yake hata kidogo.

Alhamisi, walimu walipokuwa ofisini wakimpokea mgeni, Chiriku aliwapanga watu wake katika madawati aliyoyatoa stoo. Suruali ya mtoto wa jirani ilipita vifundoni na kubaki nyingine ya kukunja. Wenzake wa darasa la tano walitazamana. Aliwaambia wanyamaze, nao kwa kumpenda mwalimu wao wakanyamaza.

Mlango ulifunguliwa. Wanafunzi wakasimama wakasema shikamoo, na afisa elimu, mzee mpole mwenye miwani, akaitikia marahaba. Mwalimu Mwiko aliziona zile nyuso ngeni akapigwa na butwaa. Alifungua kinywa aseme, lakini mgeni alikuwa ameshaketi na kumwomba aendelee kama siku zote. Basi akauinua mwiko wake, akagonga mara moja.

La nne wakainua vichwa. La tano wakainamia daftari zao. Watoto wa kuazima, waliokuwa upande wa la tano, wakageuka wote kumtazama mwalimu anayesema. Akagonga mara mbili, wakaduwaa. Mmoja alitazama mlango, mwingine dari. Mtoto wa jirani alidhani wanaitwa kula, akauliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Chiriku, karanga ziko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Afisa elimu alivua miwani akaifuta taratibu, kisha akamuuliza mwalimu kama hao wote ni wanafunzi wake.

"Hapana, mzee," alijibu Mwalimu Mwiko. "Wengine ndiyo kwanza nawaona leo."

"Kila shule ninamokuta watoto wa kuazima hunijibu hivyohivyo, mwalimu. Na sare wamejivalisha wenyewe?"

Ndipo Chiriku alipoelewa alichokifanya. Alitaka mwalimu wake abaki, na sasa mwalimu wake anaonekana mwongo mbele ya mkubwa wake. Angeweza kufukuzwa kazi kabisa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mdomo ule usiopumzika ukamkauka, lakini akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu hajui kitu. Nguo nimezitoa kwa mama, naye hajui. Nilisikia mtamchukua, kwa kuwa tumekuwa wachache."

Afisa elimu hakumkemea. Alisogeza kiti karibu na wale wageni, akawauliza mmoja mmoja anasoma wapi. Binamu wakataja shule yao, wakaambiwa warudi huko mara moja. Mtoto wa jirani alikuwa ameanza kusinzia, akaachwa alale. Msichana wa machimboni alipoulizwa, alishika ukosi wa sare kwa mikono miwili, kana kwamba itavuliwa palepale.

"Mimi sina shule ya kurudi," alisema.

Akaulizwa kwa nini. Akaeleza kwamba mama yake alisema shule ni ya wenyeji, wenye nguo zake, na wao mawe yakiisha watahama. Machimboni watoto walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, na wote mchana kutwa walishinda kwenye kokoto.

Mwalimu Mwiko aliketi. Njia ya machimboni alikuwa akiipita kila wiki, alisema, na kila wiki alisikia nyundo. Hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani. Mwalimu Mkuu naye, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Leo nitahesabu walio wenu kweli, na hawatoshi," alisema afisa elimu akiinuka. "Lakini barua ya uhamisho sitaiandika leo. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta watoto wa siku moja, nitaiandika papo hapo."

Jioni Chiriku alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha mama akalivuta sanduku kutoka chini ya meza akamwambia ashike upande wa pili. Wakampitia Mwalimu Mwiko, wakaenda wote watatu machimboni.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wazazi wengine walikuwa na shaka, maana mtoto akienda shule, rundo la kokoto hupungua. Mwalimu aliketi nao juu ya mawe, akawaeleza kuwa shule ni ya kila mtoto anayeishi hapo, hata akikaa muhula mmoja tu. Walirudi siku ya pili, na ya tatu. Mama alipima mabega, akapunguza hapa na kuongeza pale, hadi sanduku likabaki na vifungo tu. Chiriku alikunja, akabeba, akapeleka, na kwa mara ya kwanza maishani alisikiliza zaidi kuliko alivyosema.

Afisa elimu aliporudi hakubisha hodi. Alisimama dirishani, mwiko ukagongwa mara moja, na hakuna kichwa hata kimoja kilichokosea ubao wake. Alihesabu vichwa kwa kidole, safu kwa safu, kisha akahesabu tena. Madawati ya stoo yalikuwa yamerudi yote.

"Mwalimu," alisema, "endelea na mwiko wako. Hapa hapaondoki mtu."

Masomo yalipokwisha, Chiriku alibaki nyuma. Alitaka kuomba radhi, ingawa alikuwa ameshaomba mara nyingi. Mwalimu Mwiko alimketisha kwenye dawati lilelile la jioni za zamani.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Yako iliishia kwenye karanga. Nilikusamehe palepale uliposimama, maana kusema kweli wakati inakuuma ndio ujasiri wenyewe. Lakini sote wawili tukumbuke hili. Tulilia kwamba hatuna watoto, na watoto walikuwa pale, tunawapita. Wewe uliwaona, ukawaazima kwa siku moja. Mtoto haazimwi, Chiriku. Huitwa, akakaribishwa, akabaki."

Nje, msichana wa machimboni alikuwa akimngoja Chiriku waende wote nyumbani. Sare yake ilikuwa na vumbi la chaki mabegani. Chiriku alimpangusa kwa kiganja, naye akacheka, akauliza kama alivyouliza siku ile, "Na kesho je?"

"Kesho," alisema Chiriku, "wahi. Kufagia ni zamu yetu."