Nyumba Sita Zenye Alama

Alain Kabamba alikutwa amekufa akiwa amesimama. Chemba ya valvu ilikuwa nyembamba mno, hata baada ya kukata roho hakupata nafasi ya kulala. Maji yalijaa hadi ukingoni, na uso wake ulikuwa umeelekea juu, kwenye mfuniko wa chuma.

Ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi. Inspekta Belinda Ngcobo alichuchumaa kando ya shimo, akautazama mfuniko uliokuwa umelazwa majanini. Ulikuwa na pete ya kutilia kufuli, na pete nyingine ilikuwa kwenye ukingo wa shimo. Kufuli halikuwepo. Kilichokuwepo ni kipande cha nondo, urefu wa mkono, kilichokuwa kimepitishwa kwenye pete hizo.

"Nani aliitoa nondo?"

"Ni mimi, Madame." Aliyejibu ni Désiré, fundi bomba, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mke wake alikuya kuniuliza kama nilimuona. Nilisema tuangalie huku. Nilipiga nyundo mara tatu njo ikatoka."

"Ilikuwa imebana kiasi hicho?"

"Maji ilikuwa inasukuma mfuniko toka chini. Chuma inakamata chuma."

Daktari wa uchunguzi alimaliza mapema. Marehemu alikuwa amezama, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jana alasiri. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka hadi mfupa.

"Aligonga," daktari alisema. "Aligonga sana."

Belinda aliandika. Alikuwa mtoto wa mkimbizi wa siasa. Baba yake Mzulu, mama yake Mluguru, naye alizaliwa Morogoro na kuletwa Durban akiwa na miaka kumi. Tangu wakubwa zake wagundue hilo, kila maiti iliyoongea Kiswahili ilikuwa yake. Alishazoea. Lakini vile vidole vilimtia uchungu, akafunga daftari kwa muda.

Mahali penyewe watu wanapaita Karavani. Ni kiwanja cha mteremko huko Queensburgh, pembeni mwa Durban, chenye nyumba thelathini na mbili za magurudumu ambazo haziendi popote. Matairi yalishaoza, vyuma vya chini vimekula kutu, na wakazi wamejenga vibaraza na kupanda mboga pembeni. Nyumba ilitengenezwa ibebwe, sasa ukiibeba inakufia mkononi.

Na ndiyo iliyokuwa shida yao. Mwenye kiwanja alikuwa amebandika tangazo getini: mabomba na mifereji ya maji machafu vitengenezwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo anafunga. Wakazi, Wakongo na Watanzania wengi wao, wangekwenda wapi? Albert Park, katikati ya jiji, chumba kimoja kinataka malipo ya miezi kadhaa mbele. Nyumba zao hazihamishiki, na wao hawana pengine. Walikuwa wamenaswa, kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyependa kulisema.

Alain ndiye aliyewapangia njia ya kutokea. Aliwahi kuwa fundi sanifu wa barabara na mifereji Lubumbashi. Alipima kiwanja chote kwa futi kamba, akaorodhesha nini kitengenezwe sasa, nini mwakani, nini kivumiliwe. Namba moja kwenye orodha yake ilikuwa valvu kuu, iliyopasuka tangu mafuriko yaliyoikumba Durban. Ilikuwa ibadilishwe Jumatatu.

Valvu hiyo ndiyo iliyomuua. Maji ya mji yalikuwa yamekatika tangu Ijumaa, na ilitangazwa yangerudi Jumapili. Jumamosi alasiri Alain alishuka chembani kupima, pakiwa pakavu kabisa. Maji yakarudi saa tisa na nusu, siku moja kabla, yakapitia kwenye ule ufa.

Antoinette, mjane, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao na sare yake ya kazi. Huko South Beach anamhudumia bibi kizee katika ghorofa, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili asubuhi.

"Pole sana, dada," Belinda alisema. "Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Serge." Alilitamka jina hilo bila kufikiri. "Ku réunion, ule mukutano ya bomba, alimwambia mbele ya batu bote, wee na maji yako, mutakufa pamoja."

Serge aliletwa. Alikuwa mtu mfupi, fundi wa simu kwenye duka la Albert Park, na jasho lilikuwa linamtoka kabla hajaulizwa.

"Ulisema maneno hayo?"

"Eish, Madame. Nilisema. Muntu anasemaka mambo."

"Kwa nini?"

"Sababu alikuwa na kichwa nguvu! Tuyau, ile bomba, ingepita droit, moja kwa moja, bei ingekuwa ndogo. Yeye alikatala. Alitaka bomba izunguke manyumba sita. Ile kuzunguka peke yake ni forty thousand. Ile forty thousand njo ingekuwa ya umeme. Sasa umeme inangoja mwaka kesho, na batoto bangu banasoma na mushumaa."

"Jana saa tisa hadi saa kumi na moja?"

"Niko ku duka. Iko camera. Angalieni."

Waliangalia. Kamera ilimwonyesha Serge amekaa kitini tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akila mkate juu ya simu za watu. Belinda alimwachia, naye akatoka mbio utadhani amesahau kitu jikoni.

Saa sita mchana mtaalamu wa vielelezo alipiga simu.

"Nondo haina alama za vidole, kutu imezila. Lakini ina rangi. Rangi ya ukutani, ya krimu. Ilikuwa mbichi ilipogusa chuma."

"Iko wapi hasa?"

"Kwenye ncha iliyopinda. Ile ambayo mtu angeshika akitaka kuivuta. Pale ambapo angeshika akiitia, hakuna kitu."

Belinda alikata simu. Aliyeitia nondo alikuwa na mikono mikavu. Aliyeivuta alikuwa na mikono yenye rangi. Na haikutoka mpaka Désiré alipokuja na nyundo.

Alimwomba Antoinette michoro ya marehemu. Ilikuwa karatasi moja kubwa, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni: nyumba zote thelathini na mbili, na mstari wa bluu wa bomba jipya ukipinda huku na huku. Nyumba sita zilikuwa na X nyekundu. Pembeni palikuwa na maandishi ya Kifaransa.

"Hii X ni nini?" alimuuliza Désiré.

"Fasi ya kuacha, Madame. Soma pale: *ne pas toucher*. Usiguse. Ile manyumba sita chini iliozaka kabisa, ukiisogeza inavunjika. Alain alisema tingatinga haifike pale, tuyau inazunguka. Ni yeye njo alibapigania, hata kama Serge anamutukana."

"Alama hizi ziko kwenye nyumba zenyewe pia?"

"Jana asubui alipita na rangi nyekundu, akatia ku milango. Ili mwenye tingatinga aone."

"Wenye nyumba waliambiwa maana yake?"

"Alisema ku réunion."

"Wote walikuwepo?"

Désiré alikuna shingo. "Nazani."

Belinda alikizunguka kiwanja peke yake, mchoro mkononi. Nyumba namba tatu, X. Namba tisa, X. Namba kumi na moja, ishirini, ishirini na sita, zote X, nyekundu na ndefu kama mkono wa mtoto. Zilikuwa tano.

Ya sita, kwenye mchoro, ilikuwa namba kumi na nne. Mlangoni pake hapakuwa na X. Palikuwa na kiraka cha rangi ya krimu, kipya kuliko mlango wenyewe.

Mama wa makamo alifungua mlango kabla Belinda hajabisha. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu.

Mazoea ni kitu kigumu. "Shikamoo, mama," Belinda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mimi ni Blandina."

Ndani palikuwa chumba kimoja. Kitandani alilala mzee mkubwa wa umbo, mdomo umepinda upande mmoja. Blandina alisema ni mumewe, Boniface, na kwamba kiharusi kilimpiga miaka minane iliyopita, huko Dar. Kitanda kiliziba nusu ya chumba. Mtu akitaka kupita ilibidi ajipinde.

"Nina wajibu kukwambia kwamba unaweza kukaa kimya, mama. Utakachosema kitaandikwa. Una haki ya wakili."

"Uliza tu, afande."

"Mkutano wa bomba ulihudhuria?"

"Nitamwachia nani huyu? Mimi huwa siendi popote ila dukani. Miaka minane niko hivi, kati ya kitanda na jiko."

"Mlango umeupaka rangi lini?"

"Jana. Ulikuwa na uchafu."

"Uchafu wa rangi gani?"

Blandina alificha mikono chini ya khanga. Belinda akatoa simu, akamwonyesha picha ya nondo.

"Rangi yako iko hapa, mama. Iko upande wa kuvutia. Nadhani mtu mmoja aliitia nondo hii, akaenda kupaka mlango, kisha akarudi akataka kuitoa. Nimekosea?"

Kitandani Boniface alitoa sauti, neno ambalo halikukamilika. Mkewe akamwangalia, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda, pale pekee palipokuwa na nafasi.

"Hujakosea."

"Niambie."

"Nilirudi kutoka dukani nikaikuta mlangoni. X. Nyekundu. Afande, wewe ni askari wa huku, labda hujui. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Nyumba ikipigwa X nyekundu ndiyo imekwisha, inavunjwa. Yetu ilipigwa hivyohivyo, barabara ilipotanuliwa. Nyumba ya vyumba vitatu, Boniface aliijenga tofali kwa tofali. Tingatinga lilipoingia sebuleni alianguka palepale, na tangu siku hiyo yuko hivi unavyomwona. Tulifuata mtoto wa dada yangu huku, naye akahamia Cape Town akatuachia hii. Nyumba ya bati. Nikasema sawa, angalau hii hawataipiga X."

"Ukamfuata Alain."

"Alikuwa ndani ya lile shimo, anapima. Nikamuuliza, Baba Alain, mlangoni kwangu umeweka nini? Hata hakuinua kichwa. Akasema, 'Kwako tulishamaliza, Mama. Haukuone X?' Kwako tulishamaliza! Vilevile, kwa furaha. Nikamwambia mume wangu habebeki. Akasema, 'Usijali, kwako iliisha.'"

Belinda aliacha kuandika.

"Damu ilinichemka," Blandina aliendelea. "Nikabamiza mfuniko, nikapachika nondo. Nikamwambia kaa humo na wewe uone, ukitoka utakuwa umejua kukosa pa kwenda. Shimo lilikuwa kavu, afande! Naapa. Maji yalikuwa ya Jumapili. Nilisema nampa nusu saa, atapunguza jeuri. Nikaja kuifuta ile X."

"Na maji yakarudi."

"Nilisikia watu wanashangilia. Maji, maji! Nikatupa brashi nikakimbia. Nikavuta nondo. Haikutoka. Humo ndani anagonga, anapiga kelele kwa Kifaransa, na vigelegele vya watu wenye ndoo vinamfunika. Nikavuta mpaka kucha ikang'oka."

Alinyoosha kidole. Kucha kweli haikuwepo.

"Watu walikuwa wanapita na ndoo. Hatua kumi kutoka hapo. Kwa nini hukumwita hata mmoja?"

Hili ndilo swali ambalo Blandina alikuwa akilisubiri tangu jana, ilionekana usoni.

"Kwa sababu wangeuliza nani aliweka nondo. Ningekamatwa. Nani angemgeuza Boniface? Usipomgeuza kila saa mbili anaoza ubavu. Nikasema nivute tena kidogo, itatoka. Mama mmoja akanisalimia, nikamwitikia. Nikavuta tena. Halafu kugonga kukakoma."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Belinda aliona hasira na huruma vikimjia kwa pamoja. Ndoo moja tu ingewekwa chini, mtu mmoja mwenye nyundo, na Alain angekuwa hai.

"Simama, mama. Nakukamata kwa kifo cha Alain Kabamba."

Blandina alisimama, akanyoosha mikono. "Nina ombi moja. Wakija kuvunja, msimwache Boniface alione tingatinga. Mpelekeni hospitali kabla."

Belinda angeweza kunyamaza. Mchoro ulikuwa mkobani mwake na hakuna sheria iliyomlazimu kuutoa. Lakini yule mama angelala rumande usiku huo na kila usiku mwingine akisubiri tingatinga lisilokuwepo.

"Mama, hawaji kuvunja." Aliukunjua mchoro juu ya shuka la mgonjwa. "X yake haikuwa ya kuvunja. Ameandika hapa: usiguse. Bomba linazunguka nyumba yako. Aliposema kwako wamemaliza, alimaanisha kwako mambo yameshawekwa sawa. Serge alimtukana kwa ajili ya nyumba hizi sita, na yeye hakukubali."

Blandina aliutazama mstari wa bluu. Aliufuata kwa kile kidole kisicho na kucha, mpaka ulipofika namba kumi na nne, ukapinda, ukaipita.

"Mungu wangu," alisema. "Alikuwa ananitetea."

Akaketi tena kwenye ukingo wa kitanda. Nyuma yake Boniface alikuwa akirudia ile sauti yake.

Afisa wa ustawi wa jamii alifika saa tisa na kuketi na mgonjwa. Picha za mlango zilishapigwa, kipande cha rangi kilishakwanguliwa na kutiwa kwenye bahasha. Nje watu wa Karavani walikuwa wamekusanyika. Blandina alitoka na pingu, akashuka ngazi mbili, kisha akasimama ghafla.

"Désiré," aliita. "Tingatinga linakuja lini?"

"Kesho asubui, Mama."

"Mwenye tingatinga ataangalia mchoro au ataangalia milango?"

Désiré aliutazama mlango, akaona kiraka, akaelewa. "Milango," alisema.

"Basi nakuomba. Irudishe ile X."

Désiré alikwenda akaleta kopo la rangi nyekundu na brashi. Alifika mlangoni akasita, akageuka kumtazama Antoinette. Watu wote walimtazama Antoinette. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi.

Alimwangalia Blandina muda mrefu, mpaka Blandina akainamisha kichwa.

"Andika," Antoinette alisema. "Njo vile Alain alipanga."